Tabo yangu ilisingiziwa

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu wa Mbeya aliyelalamika kwamba Subaru yake imekosa nguvu, na wakati mwingine inagoma ghafla, tangu abadilishe tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) mlimjibu kwa mistari mitatu tu: tabo za mtumba hazifai, arudishe ya zamani. Mimi nimepita alipopita huyo ndugu. Nilihangaika miezi mitano, nikagusa hadi fedha ya ada, na jibu kama hilo lenu nilipewa na gereji tatu tofauti. Nawaomba nafasi nimjibu upya.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari hapa Iringa. Natayarisha vifaa vya fizikia na kemia kabla ya kipindi, na wanafunzi wakitoka naosha vyombo. Magari sikusomea. Kupima ndiko nilikosomea, na kwenye gereji zote nilizopita hicho ndicho kitu ambacho hakuna aliyekifanya.

Gari langu ni Forester ya 2004, yenye injini ya EJ205 ya lita 2 na gia za mkono. Tabo iliyokuja nayo kutoka Japani, ile ndogo ya Mitsubishi, ilianza kula oili na kutoa moshi wa bluu asubuhi. Fundi akanishauri nifunge ya IHI iliyotoka kwenye Impreza, kubwa kidogo, kwa kuwa inakaa pale pale bila kuchomelea kitu. Nikakubali. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu njia nzima hadi Ilula. Siku ya pili, narudi kutoka Ruaha Mbuyuni na magunia mawili ya vitunguu nyuma, mlima wa Kitonga ukanivua nguo. Gari linamisi, moshi mweusi nyuma, malori ya mizigo yananipigia honi nisogee.

Gereji ya kwanza ikasema plagi, 120,000. Ya pili ikasema sensa ya hewa, 250,000. Ya tatu ikasema pampu ya mafuta imeshindwa kulisha tabo kubwa, 380,000. Jumla 750,000, na gari liko vile vile. Hapo ndipo zote zikageuka na kusema kwa sauti moja: mama, hiyo tabo ni feki.

Siku hizi ukienda zahanati na homa, hata iwe ya kijijini, hawakupi dawa ya malaria kabla ya kukutoboa kidole. Gari langu lilimezeshwa dawa tatu bila kutobolewa.

Nikanunua geji ya busti, yaani ule upepo ambao tabo inausukumia injini. Fundi alikuwa ameniahidi PSI 14, kipimo kile kile cha upepo wa tairi. Geji ikaniambia 8, na inafika huko kwa kusuasua. Kwa mtu wa maabara habari hiyo inatosha kuanzia: upepo unatengenezwa, unapotelea njiani. Nikachukua kifuniko cha bomba la PVC kinachoenea kwenye mpira wa hewa, nikakitoboa katikati na kupachika valvu ya tairi la tubeless, nikakifunga kwa klempu mbele ya tabo, baada ya sensa ya hewa. Kisha nikaenda kwa kijana wa pancha pale Kihesa nikamwambia anijazie upepo kwenye injini. Alinitazama usoni, akatazama gari, akaniuliza kama niko sawa.

Tulijaza PSI 10 na kuishia hapo. Anayetaka kujaribu asizidishe, maana upepo huo unapenya hadi ndani ya injini na unaweza kusukuma sili za oili. Nikapaka povu la sabuni kila maungio. Kwenye mpira mfupi unaotoka tabo kwenda intakula, yaani kipozeo cha hewa ya tabo, upande wa chini ambako jicho halifiki, povu likaumuka kama maandazi. Klempu ilikuwa imekazwa mno hadi ikaukata mpira, na mkato wenyewe umejificha chini ya klempu. Ukisimama juu ya injini na tochi huuoni hata ukikesha.

Moshi mweusi nao ulipata maelezo hapo hapo. Sensa ya hewa imekaa kabla ya tabo. Inahesabu hewa yote inayoingia, kompyuta inamwaga petroli kulingana na hesabu hiyo, halafu sehemu ya hewa inatorokea kwenye mkato. Petroli imebaki bila hewa yake. Plagi zinajaa masizi, gari linamisi, na fundi anakuuzia plagi. Vijana wanaofunga ile valvu ya kupiga “pshhh” wakibadili gia, na kuitoa hewa nje badala ya kuirudisha kwenye mpira, wanajitengenezea ugonjwa huu huu kwa hiari yao, halafu wanashangaa gari linapokohoa.

Tuliweka mpira mpya na klempu nne. Busti ikapanda, na ikapitiliza. Kwenye barabara ya Dodoma, ukishapita Nduli, gia ya 3, injini kwenye mizunguko 4,000, geji iligusa 17 na gari likagoma ghafla kama mtu amevuta breki ya mkono. Niliachia resi likaendelea kama hakuna kilichotokea. Nikakanyaga tena, likagoma tena.

Hili ndilo lililomtisha zaidi msomaji wa Mbeya, kwa hiyo nalieleza taratibu. Tabo ina mlango mdogo wa kupunguzia kasi, mafundi wanauita wastigeti. Moshi wa eksozi ndio unaozungusha tabo. Busti ikifika kiwango, mlango unafunguka na sehemu ya moshi inapita pembeni bila kuizungusha. Anayeufungua ni upepo wa busti yenyewe, unaofika huko kwa kampira kembamba kama mrija wa soda. Changu kilikuwa kimekatwa kifupi siku ya kufunga tabo, kikavutwa kwa nguvu, kikapasuka mdomoni. Upepo haufiki, mlango haufunguki, tabo inajaza bila breki. Kompyuta ikiona busti imezidi kiasi inachokijua, inakata mafuta ili injini isivunjike. Kule kugoma kulikuwa kinga, nami nilikuwa nakutukana.

Sasa sikieni nilichoshauriwa kabla sijakiona kampira hicho. Fundi mmoja aliniambia kuna kidude cha shilingi 70,000 kinachofungwa kwenye waya ili kuidanganya kompyuta isione busti inayozidi. Yaani mbwa anabweka usiku, wewe unamfunga mdomo urudi kulala. Nasikia vidude hivyo vinanunuliwa sana. Kampira kalinigharimu 3,000 kwa mita moja, na nusu yake ninayo hadi leo.

Busti ikatulia kwenye 14. Nikadhani nimemaliza. Mdogo wangu, ambaye ni dereva na ana masikio kuliko mimi, akasema injini inagonga kwa mbali, kama kokoto kwenye kopo, ukikanyaga kwa nguvu. Tukaazima geji ya mchanganyiko, ile inayosoma eksozi na kukuambia injini inachoma kilo ngapi za hewa kwa kilo moja ya petroli. Mwendo wa kawaida ni 14.7. Tabo ikiwa inasukuma kwa nguvu, injini kama yangu inatakiwa iwe karibu na 11, kwa kuwa petroli ya ziada inapoza. Yangu ilikuwa 13 na inapanda. Mafuta hayatoshi. Ukiendelea hivyo, pistoni za hizi Subaru zinameguka pale ringi zinapokaa, na hapo hutafuti tena mpira, unatafuta injini.

Lakini pampu si ilikuwa mpya, tena ya 380,000? Nikafunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, nikapitisha mpira wake nje ya boneti na kuibana geji chini ya waipa, ikanitazama kupitia kioo. Mdogo wangu anaendesha, mimi naandika kwenye daftari. Gari likiunguruma papo hapo, na kampira ka rekuleta, kidhibiti cha presha ya mafuta, kametolewa, presha ilisoma 43. Busti ikiwa 14, presha ya mafuta lazima ipande kwa hizo hizo 14 na kufika 57, kwa sababu nozeli zinamwagia mahali penye upepo unaozisukuma nyuma. Yangu ilifika 50, ikatetemeka, ikashuka hadi 46.

Nikatoa mita ya umeme ya shule (mkuu wa shule akisoma hapa, niliirudisha Jumatatu asubuhi). Betri volti 13.8. Kwenye pampu, mafuta yanapohitajika zaidi, volti 10.9. Karibu volti 3 zinapotelea kwenye waya. Soketi ya juu ya tangi ilikuwa na pini moja iliyoungua, nyeusi, plastiki yake imelainika na kuganda tena. Gereji iliyofunga pampu mpya iliichomeka kwenye soketi hiyo hiyo, na kwa vyovyote waliiona. Pini mpya na kulehemu kwa risasi, 5,000. Presha ikapanda hadi 56, mchanganyiko ukashuka hadi 11.4, kokoto zikanyamaza.

Mpira 25,000, klempu 8,000, kampira 3,000, pini 5,000. Elfu 41.

Kwa ndugu wa Mbeya nina neno la ziada, maana yeye yuko juu kuliko mimi. Muuzaji wake wa Dar alimwambia gari lilikuwa zima lilipotoka kule, na huenda hakusema uongo. Pwani hewa yenyewe ina uzito wa PSI 14.7. Hapa Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ni kama 12, na Mbeya ni pungufu ya hapo. Ili injini ipate hewa ile ile, tabo lazima izunguke kwa kasi zaidi huku juu. Mkato mdogo ambao Dar tabo inaufidia bila wewe kujua, Mbeya unakuacha kwenye kilima.

Sijasema kwamba kila tabo ya mtumba ni nzima. Shika shafti yake utikise: ikicheza juu na chini hadi mapezi yaguse ukuta, usinunue. Wala sijasema tabo kubwa inafungwa tu ukaondoka. Nozeli zangu ni za kiwandani na kompyuta bado inafuata hesabu za tabo ndogo, tena hesabu za petroli ya Japani ya oktani ya juu. Kwa hiyo nimeshusha busti hadi 12 na nitaiacha hapo hadi nipate fedha ya kuipanga kompyuta upya. Kitonga napanda gia ya 3, taratibu, nyuma ya malori kama wengine.

Ninachoomba kwa ukurasa wenu ni kwamba, kabla ya kumwambia mtu anunue au arudishe kifaa, mumuulize amepimwa nini: busti ngapi, presha ya mafuta ngapi, volti ngapi kwenye pampu. Gereji nazo zimwandikie mteja namba hizo nyuma ya risiti. Zangu ziko ukurasa wa mwisho wa daftari la maabara.

Kifuniko cha PVC ninacho bado, na kijana wa pancha haniulizi tena kama niko sawa. Juzi alikiazima kwa ajili ya Legacy ya mteja wake, hajakirudisha.

Fundi sanifu wa maabara,
Kihesa, Iringa