Pilipili ya kupuliza: mnauliza ukali, ulizeni upepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu makopo madogo ya pilipili ya kupuliza, yale yanayoning'inizwa kwenye funguo, ambayo akina dada wengi wanaotoka kazini usiku wanayaulizia siku hizi. Swali la kwanza huwa ni lilelile: lipi ni kali zaidi? Swali hilo ndilo linalowapoteza. Kopo lolote la kiwanda kinachoeleweka linatosha kumfumba mtu macho na kumkohoza. Linaloshindikana ni kulifikia kwa wakati, kulielekeza usoni, na kutojipuliza mwenyewe.

Nianze na hizo namba, maana ndizo zinazouzia. Lebo inaweza kusema asilimia 2, 10 au 18. Hicho ni kiasi cha mafuta ya pilipili ndani ya kimiminika, na hakisemi kama mafuta hayo yametoka kwenye pilipili kali au iliyopoa. Mamilioni ya kipimo cha Scoville, kile cha ukali wa pilipili, nayo mara nyingi ni ya mafuta kabla hayajachanganywa. Namba ya maana ni ya kapsaisinoidi, yaani kiini chenyewe cha ukali, ambayo kwa makopo ya kawaida huwa kati ya asilimia 0.18 na 1.33. Kopo la asilimia 18 linaweza kuwa dhaifu kuliko la asilimia 2. Ukikuta kopo halina jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, liache hata likiuzwa bei ya chee.

Wapo wanaojitengenezea: pilipili mbuzi inasagwa, inachanganywa na maji au siki, inatiwa kwenye chupa ya manukato. Msifanye hivyo. Kiini cha pilipili ni cha mafuta, hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Machicha yanaziba tundu, na pampu ya chupa haina gesi ya kusukuma, kwa hiyo dawa haifiki mbali na mkono wako. Siki ikiingia jichoni inaweza kuleta jeraha ambalo hukulikusudia, na utajieleza nalo kituoni.

Kwa mji wetu, jambo la kuchagua kwa makini ni namna kopo linavyotoa dawa. Lipo linalotoa ukungu mpana: halihitaji shabaha, lakini upepo kidogo tu unakurudishia. Lipo linalotoa mkondo mwembamba, unaokwenda mbali na kuhimili upepo, ila unataka ulenge. Na ipo jeli, nzito, inayonata pale ilipotua na kuacha hewa ikiwa safi zaidi, ingawa inachelewa kidogo kufanya kazi na pia inataka shabaha. Dar es Salaam ni mji wa upepo. Kusi likivuma, anayetembea Coco Beach kuelekea upande wa kusini analipokea usoni; kaskazi likiingia, hali inageuka kwa anayerudi. Katikati ya maghorofa ya Posta upepo unakata kona kila mtaa. Kwa anayetembea maeneo ya wazi namna hiyo, ukungu ningeufuta kabisa kwenye orodha. Vivyo hivyo kwa anayepanda daladala, bajaji au lifti: ukungu ndani ya chumba kidogo unawapata wote, na wewe wa kwanza. Jeli au mkondo ndiyo ya kununua, na hata hizo usizitumie ndani ya chombo kinachotembea. Dereva akifumba macho mko pamoja mtaroni.

Kopo la funguo lina takriban mililita 15. Linafika mita 2 hadi 3, ambao si umbali mkubwa: ni kama upana wa njia moja ya gari, na mtu mwenye nia mbaya anaumaliza kwa hatua mbili tatu. Dawa yote iliyomo ni ya sekunde chache ukibonyeza mfululizo. Kwa hiyo bonyeza nusu sekunde hadi sekunde moja, angalia, rudia.

Kizuizi cha kitufe kiangalie dukani kwa vidole vyako, usitegemee picha. Vingine vinazungushwa, vingine vina kifuniko cha kuinua ambacho kidole gumba kinaingia chini yake. Cha kuzungusha hakifunguki ovyo kwenye msongamano wa mwendokasi, lakini mkono unaotetemeka unaweza kukizungusha upande usio wenyewe. Cha kuinua ni cha haraka zaidi, na kina alama unayoihisi gizani, ndiyo maana mimi napendelea hicho. Wenye kucha ndefu wajaribu kabisa kukifungua kabla ya kulipa. Kopo lisilo na kizuizi chochote, au lenye kilicholegea, litakupulizia ndani ya mkoba, na mkoba huo hautasafishika kirahisi.

Kushika ni hivi: kiganja chote kimezunguka kopo, kidole gumba juu ya kitufe. Ukitumia kidole cha shahada, kama unavyopuliza dawa ya mbu, mshiko unakuwa mlegevu na kopo linanyang'anyika. Tundu lielekee mbele. Gizani hulioni, kwa hiyo jifunze kulitambua kwa kupapasa.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kopo likikaa chini ya mkoba, kati ya kanga, chaja na risiti, halipo. Litoe kabla ya kushuka kituoni, litembee mkononi hadi mlangoni kwako, kizuizi kikiwa bado kimefungwa. Kulifunga kwenye funguo za nyumba au gari kunafaa kama ni aina inayochomoka. La sivyo utalitumia ukiwa umeshikilia funguo zako, au utaliacha likining'inia kwenye swichi ya gari. Nyumbani likae juu, mbali na watoto. Rangi zake za kuvutia zinafanana na manukato.

Usiliache garini. Lebo nyingi zinataka lisizidi nyuzi 49 au 50 za Sentigredi, na gari lililofungwa juani hapa kwetu linavuka hapo, hasa juu ya dashibodi. Chini ya kiti cha pikipiki nako joto si haba. Likizidiwa linavuja au linapasuka. Hata likitunzwa vizuri, gesi ya kusukuma inapungua polepole, na ndiyo maana ya ile tarehe, ambayo kwa kawaida ni miaka 2 hadi 4. Lililopitwa na wakati linaweza kuwa bado linawasha ila linadondoka miguuni pako. Ukinunua, lijaribu mara moja nje, pasipo na watu, upepo ukiwa mgongoni, nusu sekunde tu. Kisha pangusa tundu kwa kitambaa chenye maji na unawe mikono. Litikise kila mwezi.

Niseme pia wazi lisipofaa. Halisaidii dhidi ya pikipiki inayopita na kukwapua simu. Imeshaondoka kabla kidole hakijafika. Kwa roba ya nyuma ni vigumu kulitumia bila kujipuliza. Mbele ya bunduki toa simu, toa mkoba. Linafaa kwa mtu anayekufuata, umemwona, umemwambia asisogee, naye anasogea. Linafaa pia kwa mbwa wakali wa alfajiri. Kwa mtu, lenga usawa wa nyusi, peleka kutoka sikio hadi sikio, huku ukihama kando badala ya kurudi nyuma moja kwa moja. Aliyepulizwa bado ana mikono na anaweza kuendelea mbele kwa sekunde kadhaa. Kisha ondoka. Usikae kumtazama wala kumpiga.

Ukipiga kelele, ita msaada. Neno "mwizi" liache. Sote tunajua linavyojaza mtaa huu wetu mawe na matairi kwa dakika chache. Umati haujui nani alimpuliza nani, na mwenye kopo mkononi, anayekohoa na kutoa machozi, anaweza kuwa ndiye wanayemdhania. Piga 112, eleza ulipo.

Ukipatwa na dawa, ama kwa upepo ama kwa mkoba, sogea penye hewa na usifikiche macho. Toa lenzi kama unavaa. Pepesa sana, acha maji ya bomba yatiririke machoni dakika 15. Maziwa hayashindi maji, kwa hiyo usipoteze muda kuyatafuta dukani. Kwenye ngozi tumia sabuni ya maji, ile ya vyombo au shampuu ya watoto, usuuze, urudie, bila kuipeleka machoni. Mafuta ya nazi na losheni yanashikilia kiwashi juu ya ngozi, kaa navyo mbali. Makali hupungua ndani ya dakika 30 hadi 45. Mwenye pumu, au yeyote ambaye pumzi inambana, aende hospitali bila kusubiri. Nguo zioshwe peke yake.

Kuhusu sheria: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujitetea kwa nguvu inayolingana na shambulio. Kumpuliza jirani mliyegombana naye kwa sababu ya maji taka si kujitetea, ni shambulio. Kabla ya kununua, pita kituo cha polisi cha eneo lako uulize kuhusu kumiliki na kubeba kopo hili, na kabla ya kuagiza kutoka nje uliza forodha. Uingereza, kwa mfano, kukutwa nalo tu ni kosa chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1968. Abiria wa ndege naye, kwa kanuni za kimataifa za mizigo hatari, haruhusiwi kuwa nalo, si mkononi wala kwenye begi la chini. Anayekwenda uwanja wa Julius Nyerere alitoe kwenye funguo akiwa bado nyumbani.

Mkufunzi wa kujihami,
Tabata, Dar es Salaam