Leo usiku ni Lester

Lowell, Massachusetts
Jumatano, 28 Septemba 2011

Mwalimu wangu,

Salamu sana, nisalimie mama watoto na hao wadogo wote. Najua niliahidi nitakuandikia mambo ya zile fomu za kijana, hiyo nitakutumia kesho, aki nivumilie, leo kichwa hakina nafasi juu usiku huu Red Sox, timu yetu ya besiboli ya Boston, wanacheza mechi ya mwisho ya msimu huko Baltimore, mechi ya 162, na kila kitu kimekuja kuning'inia hapo.

Tarehe 3 mwezi huu tulikuwa tumewaacha Tampa Bay kwa mechi tisa. Tisa, Mwalimu! Mtu akiwa mbele hivyo Septemba ikianza, anapiga hesabu za mchujo wa ubingwa tu. Alafu tukaanza kuanguka, leo tumepigwa, kesho tumepigwa, mwezi huu tumeshinda 7 tukapoteza 19, na wale wa Tampa wakawa wanaokota moja moja nyuma yetu hadi wakatufikia. Saa hii sisi tumeshinda 90 tukapoteza 71, na wao hivyo hivyo. Nafasi iliyobaki ya kuingia mchujo ni moja. Tukishinda na wao wapigwe, tumepita, ikiwa kinyume wamepita wao, na tukitoka sawa tena basi kesho tunaenda kwao St. Petersburg, kwenye ule uwanja wao wenye paa, mechi moja ya kumaliza maneno.

Uliniuliza siku ile kwenye simu mbona kila nikitaja mechi naanza na mrushaji, kwani wengine wanafanya nini. Bana, kwenye besiboli hakuna kitu kinaanza kabla yeye hajaachilia mpira. Kipa wako wa Gor Mahia anaweza kukaa nusu saa bila kuguswa, mrushaji hana hiyo raha, ni mpira baada ya mpira, karibu mia moja kwa usiku, na mkono wa binadamu haukuumbiwa hiyo kazi, ndio maana akishamaliza anapumzishwa siku nne, anarusha mwingine, anarusha mwingine, hadi zamu yake irudi. Kwa hivyo ukiniambia leo anaanza nani, umeniambia nusu ya mechi.

Leo anaanza Jon Lester. Mashoto, miaka 27, mtu mkubwa, anasimama pale juu ya kichuguu cha udongo na uso haucheki wala haununi. Ana mpira mmoja wa haraka unaokuja kama umenyooka, ukikaribia unakata kuingia kwa tumbo la mpigaji wa mkono wa kulia, na jamaa anabaki na gongo limevunjika mkononi. Baltimore hawajawahi kumshinda. Sio mwaka huu tu, tangu aanze kucheza, amewashinda 14 na hajapoteza hata moja.

Lakini kinachoninyima amani ni hiki. Leo Lester amepumzika siku tatu, sio nne. Jumamosi alirusha New York na Yankees, mahasimu wetu, walimchapa vibaya, alama 8 hata awamu ya tatu kati ya tisa hakumaliza. Hakuna mwingine wa kumwekea, wale wengine wameumia au wamechoka, sasa ni yeye tena, na ule mkono tena. Mpira wa kukata ukikosa nguvu kidogo tu haukati, unakaa katikati kama embe kwa mti, na hata timu ya mwisho kwenye ligi inajua kuchuma embe.

Na Baltimore ndio wa mwisho kwenye kundi letu kweli, hawana chochote cha kupoteza, hao ndio watu wabaya kukutana nao. Wana mtoto mmoja anaitwa Robert Andino, huyo simpendi hata kidogo. Wiki jana hapa Fenway, uwanja wetu wa Boston, alimpiga Papelbon, mmalizaji wetu, wakaingia watu watatu. Juzi Jumatatu akapiga tena, Ellsbury, mdakaji wetu wa katikati, akakimbia, akaudaka ule mpira, nimeuona kabisa ndani ya glovu, akagonga ukuta ukamtoka, na Andino akazunguka vituo vyote vinne akarudi alipoanzia bila mpira kutoka uwanjani. Nilinyamaza dakika nzima. Huyu Ellsbury nilimwona hapa Lowell 2005, kwenye uwanja wetu mdogo karibu na mto, tiketi ya bei ya chakula cha mchana, alikuwa kijana mwembamba anakimbia kama amechelewa basi. Namhesabu kama wa kwetu, ndio maana iliniuma.

Upande wao leo anaanza Alfredo Simon, wa mkono wa kulia kutoka Jamhuri ya Dominika, mwaka jana alikuwa anamalizia mechi, mwaka huu amepoteza nyingi kuliko alizoshinda. Anarusha haraka sana lakini naamini wapigaji wetu akina Pedroia na Gonzalez wanamweza wakitulia. Shida yangu sio Simon.

Sasa sikia hii. Saa hiyo hiyo huko St. Petersburg, Tampa wanacheza na Yankees, na wanamwanzisha David Price, naye mashoto. Unakumbuka nilikuambia juu ya ile fainali ya ligi ya 2008, mechi ya saba, tuliyofungwa na Tampa 3 kwa 1? Aliyeanza kwetu usiku ule ni Lester. Aliyeingia mwisho kutufungia mlango, akiwa mtoto mgeni kabisa, ni Price. Miaka mitatu baadaye ni hao hao wawili, siku moja, miji miwili, hawaonani na kila mmoja anamwamulia mwenzake. Na Yankees, ambao wameshashinda kundi na hawana haraka, wanamwanzisha kijana wa New York anaitwa Dellin Betances ambaye hajawahi kuanzisha mechi kwenye ligi hii. Mimi wa kuwaombea Yankees! Lakini leo nawaombea kwa moyo wote.

Ukiniuliza nasimama wapi, nasimama na Lester. Huyu mtu 2006 aliambiwa ana saratani ya damu, ile ya tezi za limfu, akiwa na miaka 22. Akatibiwa, akarudi Julai 2007, na Oktoba hiyo hiyo ndiye alianza mechi ya mwisho ya ubingwa huko Denver na akaishinda. Mimi nafanya kazi na wagonjwa kila siku, naona dawa hizo zinavyomfanya mtu, naona mtu akishindwa kuinua kikombe. Siku tatu za kupumzika ni chache, ni kweli, lakini sidhani kuna mtu pale ndani anajua kuchoka na kuendelea kumshinda huyu.

Kuna mzee mmoja kule kazini, ndiye amenifundisha huu mchezo wote. Huwa anachora vijisanduku kwa karatasi, kila mpigaji na kisanduku chake, aliyetolewa akizungusha gongo na kuukosa mpira anaandikiwa K, aliyetolewa amesimama tu anaangalia anaandikiwa K imegeuzwa nyuma. Alingoja ubingwa hadi 2004, maisha yake yote. Siku hizi mkono unamtetemeka, mistari inapinda, kwa hivyo yeye anataja na mimi naandika. Zamu yangu inaanza saa tano usiku lakini nimeomba kuingia mapema, mechi ni saa moja na dakika tano, kwenu itakuwa saa nane usiku, wewe lala tu, ukiamka utakuta ujumbe wangu.

Huku wanasema kunaweza kunyesha Baltimore. Nimeshapanga karatasi mbili, moja ya Lester na moja ya Price, na penseli nimechonga nne.

Wako,
wa Lowell