Mwanangu, usiifiche hitilafu

Mwanangu mpendwa,

Programu yako imo kwenye simu yangu tangu juzi, na imenipendeza. Unajua mimi si mtu wa kusifia ovyo. Ila jana usiku nilijaza ile fomu ndefu, nikabonyeza "Hifadhi", kiduara kikazunguka kidogo, kikatoweka. Nikalala nikijua kazi imekwisha. Asubuhi naifungua, hamna kitu. Kumbe mtandao ulikatika, na programu yako ikanyamaza.

Nikausoma msimbo ulionitumia. Mstari wa kutuma data umeuweka ndani ya try, yaani sehemu ya kujaribu, sawa, lakini catch yake, inayopaswa kudaka hitilafu, ni mabano matupu. Nadhani najua ilivyokuwa: programu ilikuwa inajifunga yenyewe, ukachoka nayo, ukaiziba mdomo. Hata mimi nilifanya hivyo nilipoanza, nikaja kutumia siku tatu kusaka kosa nililolizika kwa mkono wangu. Programu inayoanguka angalau inaacha alama: hitilafu ya aina gani, faili gani, mstari wa ngapi. Yako haikuniachia hata neno.

Mtandao kukatika ni jambo la kila siku kwenye simu, kwa hiyo hilo lidake. Tunza nilichoandika ndani ya simu, niambie kwa lugha ya kawaida kwamba hakijatumwa, nipe kitufe cha kujaribu tena. Kila ombi lipe kitambulisho chake, kilekile hata likitumwa tena, maana huenda lilifika kwenye seva na kilichopotea njiani ni jibu tu. Bila hicho fomu moja itaandikwa mara mbili. Lakini ukikuta null, yaani pasipo na thamani yoyote, pasipostahili kuwa na null, usidake chochote. Hilo ni kosa lako, lirekebishe.

Jingine, kwa kuwa unatumia lugha ya Kotlin: kompaila yake, ile inayotafsiri msimbo, haikulazimishi kudaka kama ya Java, basi ni rahisi kujisahau, au kudaka Exception yote, yaani hitilafu za kila aina, kwa mkupuo. Ndani ya korutini, yaani kazi inayoweza kusimamishwa na kuendelea, mkupuo huo unabeba na CancellationException, ambayo ni ishara tu ya kusitisha kazi. Ukiimeza, mtu ameshafunga skrini na kazi bado inaendelea nyuma. Irushe tena.

Kabla ya kunitumia toleo jipya, weka simu kwenye hali ya ndege, jaza fomu, bonyeza. Mimi yangu nitaijaza upya. Majibu bado nayakumbuka.

Baba yako