Mtaro wa Gungu haukukataliwa na Meya

Isevya, Tabora

Ndugu yangu Mwenyekiti wa mtaa (najua hupendi kuitwa hivyo, lakini Novemba 2024 wakazi walikuchagua wenyewe, basi zoea),

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Huku hatujambo.

Barua yako nimeisoma. Unauliza kwa nini Meya wa Kigoma Ujiji amekataa mtaro wenu wa Gungu ilhali barua mlimfikishia Machi, na Baraza la Madiwani likakaa bila kuutaja. Sidhani kama yupo aliyekataa. Mlikwenda mlango usio wake, tena kwa kuchelewa.

Nianze na mlango, maana ni jambo fupi. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa, pamoja na mitaro na makalavati yake, zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na meneja wa TARURA si mtumishi wa Mkurugenzi wenu wa manispaa. Maji ni ya KUWASA, mamlaka ya maji ya mji wenu. Kodi ya jengo hukatwa mnaponunua umeme, si kwenye dirisha la manispaa. Zilizobaki kwa manispaa ni shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, machinjio, taka, leseni za biashara, vibali vya ujenzi na upangaji wa mji. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano wenu wa wakazi ungepaswa kusema mtaro unaanzia wapi na unamwaga maji wapi. Ukifuata barabara, nakala iende TARURA. Ukipita nyuma ya soko au ndani ya eneo la shule, hapo manispaa haina pa kujificha. Mkiandika "tunaomba mtaro" tu, mtapigwa danadana kati ya ofisi mbili mpaka masika yaje yaondoke.

Sasa kuchelewa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Kuelekea mwisho wa mwaka serikali kuu hutoa mwongozo na ukomo, yaani kiasi ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Wataalamu wa manispaa hukusanya vipaumbele vya kata, wanapanga, wanapeleka kwenye kamati za kudumu, Kamati ya Fedha na Uongozi inapitia, kisha Baraza la Madiwani linapitisha, mara nyingi Januari au Februari. Toka hapo vitabu vya bajeti vinakwenda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na halmashauri), Wizara ya Fedha, halafu Bunge linaloanza kikao chake Aprili. Barua ya Machi huwakuta watu wanachapisha vitabu. Hata diwani anayekupenda hawezi kuchomeka mtaro pale bila kung'oa kitu cha kata nyingine, na mwenye hicho kitu yupo ukumbini anamtazama.

Ndiyo maana nakushauri mkutano wa wakazi ufanyike Agosti au Septemba. Wote wenye miaka 18 na kuendelea wana haki ya kuhudhuria. Mtendaji wa mtaa ndiye katibu. Yeye ni mwajiriwa, wewe ni mchaguliwa, na ugomvi mwingi wa mitaani chanzo chake ni mmoja kusahau hilo. Msitoke na mambo kumi na mbili. Orodha ya namna hiyo huko juu huchaguliwa kile kilicho rahisi, si kile kinachowauma. Chagueni matatu, yapangwe la kwanza hadi la tatu, na kila moja liwe na vipimo: urefu wa mtaro kwa mita, kaya zinazofurika, eneo ni la nani, wananchi watachangia nini. Eneo lenye mgogoro wa umiliki linaua mradi kuliko ukosefu wa fedha. Mahudhurio yasainiwe siku ileile. Muhtasari usio na saini za waliohudhuria, Mtendaji wa Kata anaweza kuurudisha, na atakuwa na haki.

Baada ya hapo ni Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, na ninyi wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hapa ndipo mtaro unapookoka au kufa, na hapa ndipo watu hawaendi. Wakimaliza mkutano wa wakazi wanadhani kazi iliyobaki ni ya diwani, kumbe kwenye kikao hiki una kura kama wengine. Ongea na wenyeviti wenzako mapema. Mtaro wenu ukipokea maji kutoka mtaa wa juu, mwenyekiti wa juu ni mwenzako wa kusukuma.

Kuhusu Meya, mpunguzie lawama. Anachaguliwa na madiwani, anaongoza vikao vya Baraza na Kamati ya Fedha, lakini hatii saini malipo. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa Baraza na ndiye atakayejibu hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Mkuu wa Wilaya ni mkono wa serikali kuu. Hana kura kwenye Baraza, ingawa akikohoa ukumbi mzima husikia. Sehemu kubwa ya kitabu cha bajeti ni mishahara na ruzuku zilizokwisha kupangiwa kazi. Madiwani wana sauti ya kweli kwenye mapato ya ndani tu, yaani ushuru wa soko, leseni, ushuru wa huduma, ada za vibali, na hata humo sehemu imetengwa tayari kwa maendeleo na mikopo. Kwa maoni yangu hii ni jaketi la kubana mno kwa mji unaokua kama wenu, lakini ndilo lililopo.

Kwa hiyo usidharau mashine za kukusanyia ushuru. Mfanyabiashara wa Mwanga au Kibirizi akilipa bila kupewa risiti ya mashine, fedha hiyo haijaingia kwenye mtaro wa mtu yeyote. Makusanyo yakiwa chini ya makisio, miradi ya mapato ya ndani ndiyo hukatwa kwanza, na hakuna atakayewaandikia kuwaambia. Kila robo mwaka Baraza hupokea taarifa ya utekelezaji, na mkutano wa Baraza ni wa wazi kwa wananchi. Nenda ukae nyuma, usikie kama mradi wenu umesomwa "haujaanza" au haumo kabisa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Kikundi cha akina mama ulichokitaja: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Utoaji wake ulisimamishwa 2023; uliporejeshwa, Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizopangwa kujaribu utoaji kupitia benki, kwa hiyo msitegemee maelekezo ya ndugu zenu wa Kasulu. Waanze kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti yake, na wasiingize mwanachama mwenye ajira rasmi kwa ajili ya kujaza idadi. Andiko la mradi waandike wenyewe. Yale ya kununua stationari yanafanana, na mkaguzi akikuta vikundi vitano vinafuga kuku walewale kwa bei zilezile, vyote vinarudi mwisho wa foleni.

Ukishapata vipimo vya mtaro nitumie rasimu ya muhtasari kabla haijasainiwa. Na mwambie shemeji dagaa walifika salama.

Nduguyo wa Isevya