Yah: Malalamiko Kuhusu Kapasita Mlizofunga Kwenye Amplifaya Yangu

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Machi nilileta kwenye karakana yenu amplifaya ya stereo niliyoachiwa na marehemu baba, ambayo ilikuwa nzima ila besi yake ilikuwa imelegea kwa uzee wa kapasita za pawa, yaani vifaa vinavyohifadhi na kulainisha umeme ndani yake. Fundi wenu alinishauri zile kubwa mbili, za maikrofaradi 10,000 na volti 50, ziondolewe na kuwekwa mpya zilizo bora zaidi. Nililipa shilingi 180,000 na kupewa risiti yenye dhamana ya miezi 6.

Siku za mwanzo sikuwa na neno. Ganuni na fidla za taarabu zilisikika kila moja mahali pake. Wiki ya tatu ulianza mngurumo kwenye spika zote mbili, ambao haukupungua hata nilipoteremsha sauti hadi sifuri. Niliirudisha, na ilipofunguliwa mbele yangu tuliona kapasita moja imevimba kichwa na kuvuja, na ubavuni imeandikwa volti 35, ilhali saketi ya amplifaya hiyo hutumia volti 42 kila upande. Kapasita ikibebeshwa volti zinazozidi kiwango chake hupata joto, huvimba na kushindwa kulainisha umeme unaotoka kwenye daiodi (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), na ndipo mngurumo unapopenya hadi kwenye spika. Fundi makini huacha nafasi ya ziada, hasa kwa umeme wetu unaopanda na kushuka. Huyu wenu hakufikia hata kiwango chenyewe.

Kilichonisikitisha zaidi ni jibu la mapokezi, kwamba dhamana haihusu kifaa kilichofanyiwa marekebisho. Marekebisho hayo mliyafanya ninyi, na ndiyo hasa yaliyoandikiwa dhamana.

Kwa hiyo naomba mfunge, bila malipo, kapasita za volti 63, kisha mpime mbele yangu kama hakuna umeme wa DC (wa mkondo mmoja) kwenye matundu ya spika kabla ya kuziunganisha, kwani umeme huo ukivuja huunguza koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika. Kama hamtaweza, nirudishiwe fedha zote pamoja na kapasita zangu za awali. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, na baada ya hapo nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha ya kapasita iliyovimba.

Wako,
Mteja, Temeke