Binti yangu anataka kuacha chuo anachokipenda kwa ajili yetu

Ndugu mshauri na wasomaji wenzangu, walionizidi umri shikamooni, na wengine habari zenu.

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Mafinga, nauza mbao. Elimu yangu ni darasa la saba. Mama wa watoto alifariki miaka sita iliyopita, mdogo akiwa na miaka minne, na tangu hapo tulilelewa wote na mama yangu mzazi. Nasema tulilelewa kwa sababu hata mimi mtu mzima alikuwa akinitengea maji ya kuoga. Oktoba iliyopita naye akatutoka.

Binti yangu wakati huo alikuwa kidato cha sita, bweni, anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Desemba alipokuja likizo nikaona nitimize nililomwahidi tangu afaulu kidato cha nne, kwamba atakiona chuo kwa macho kabla ya kukijaza. Huku kwetu watoto wengi wanajaza vyuo kwenye simu, hawajawahi hata kukanyaga getini. Mimi ubao wa kawaida tu sinunui bila kuugeuza pande zote, sembuse chuo cha miaka minne? Nikaipeleka Probox yangu kwa fundi, tukaondoka watatu, mdogo wake akiwa kiti cha nyuma na shuka lake.

Tulipita Iringa, tukashuka hadi Mtera, tukala samaki pale kwenye bwawa, tukaingia Dodoma jioni. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ni kubwa mno, imetawanyika juu ya vilima, kutoka kitivo hadi kitivo ni safari. Alitazama, akauliza maswali mawili matatu, basi. Kesho yake tukaelekea Morogoro. Tulipofika Dakawa niliwaonyesha mahali alipofia Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi na nakumbuka walimu wakilia. Nikawaambia chuo tunachokwenda kukiona kina jina lake, na kilianzishwa mwaka huohuo.

Niseme ukweli, hicho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, ndicho nilichokitaka mimi. Nimeishi na msitu wa Sao Hill maisha yangu yote, nikasema mwanangu akisomea misitu atarudi kuwa mtaalamu wa kitu ambacho mimi nakijua kwa mikono tu. Tukapata msichana mmoja wa mwaka wa pili, mpole, akatuzungusha. Milima ya Uluguru inaonekana pale juu, nikawa najiambia huyu hapa hatachomoka.

Mdogo alisikia kiu. Nikaenda kununua maji, na niliporudi binti yangu na yule msichana walikuwa wamekaa ukingoni mwa mfereji wamenipa mgongo. Nikamsikia mwanangu anamwambia mwenzake: "Roho yangu iko Mlimani, dada, uhandisi wa ujenzi. Lakini nitajaza ualimu Mkwawa pale Iringa, niwe naenda nyumbani kila wiki. Bibi hayupo tena. Baba hawezi na mdogo wangu peke yake."

Nilisimama na zile chupa za maji mkononi. Kisha nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikakohoa, nikajitokeza kama mtu anayefika sasa hivi.

Ndugu zangu, naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo panaponiumiza. Niliposikia maneno yale, kitu cha kwanza kuingia moyoni mwangu kilikuwa nafuu. Nilishukuru. Nilijiona nimepata mtu wa kunisaidia kubeba nyumba. Uchungu ulikuja baadaye, usiku, gesti, nikiwatazama wamelala kitanda kimoja, mkono wa dada mtu juu ya kifua cha mdogo wake.

Siku iliyofuata tukafika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM. Mwanangu ana noti ya zamani ya shilingi 500, ile ambayo nyuma yake ina picha ya Ukumbi wa Nkrumah. Aliikunja tangu shule ya msingi akaiweka ndani ya kasha lake la vifaa vya hisabati, na sijawahi kumwona akiitumia. Tulipofika mbele ya ukumbi wenyewe aliitoa, akainyoosha kwa kidole gumba, akainyanyua usawa wa macho, akasogea kushoto hatua mbili, akarudi nyuma moja, mpaka picha na jengo vikalingana. Hakusema kitu. Akamwita mdogo wake naye aone. Kisha akaikunja, akairudisha mahali pake, akaniambia, "Pazuri baba, ila joto la huku siliwezi."

Joto! Mtoto ambaye akiwa darasa la sita alikuwa akinichorea kenchi kwenye makaratasi ya ankara na kumwambia mteja mbao ngapi za mbili kwa nne zinatosha paa lake. Mafundi walikuwa wakimuulizia wakija dukani.

Wakati wa kurudi, tukiwa nyuma ya malori yanayojikokota kupanda Kitonga, akaniambia ameamua Mkwawa. "Mkwawa nako ni UDSM, baba, ni chuo chao kishiriki." Ni kweli. Na ualimu ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini si kazi anayoitaka yeye. Nikamjibu, "Tutaona, mwanangu," nikaendelea kuendesha.

Tangu Januari tumebaki mimi na mdogo. Nilitaka kumwonyesha dada yake kwamba tunaweza. Hatukuweza vizuri. Nafunga duka saa moja usiku, jirani ananisaidia kumpikia mchana, daftari zake sizikagui ipasavyo. Mwezi Mei binti alipomaliza mtihani na kuja siku chache kabla ya kwenda mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), alikuta mdogo wake ameshuka kutoka wa 6 hadi wa 41 darasani, na sare yake imechanika begani. Hakunilaumu. Aliishona usiku ule ule, akasema, "Si unaona baba."

Sasa yuko kambini. Matokeo yanatoka Julai, na baada ya hapo dirisha la udahili likifunguliwa atajaza mwenyewe. Shangazi yao wa Makambako yuko tayari kumchukua mdogo, lakini mtoto huyu amekwisha kumpoteza mama na bibi, na nikimuuliza ananyamaza tu. Kaka yangu anasema nimwache binti aamue, Iringa ni karibu, mtoto wa kike asiende mbali. Wengine wananiambia nioe. Siwezi kuleta mke ndani kwa sababu ya uji wa asubuhi.

Ninachowaomba ni hiki. Je, nimwambie nilimsikia pale Morogoro? Naogopa atakana, au ataona nimemvizia, na ninamfahamu, akishaona aibu hatafungua mdomo tena. Nikinyamaza, atajaza Mkwawa akitabasamu na mimi nitapokea zawadi ambayo sikustahili kupewa. Na nikimwambia aende Mlimani, nimwambie nini kuhusu mdogo wake, wakati ameona kwa macho yake kwamba kweli siwezi?

Aliyewahi kulea peke yake na duka juu, anieleze alizipangaje siku zake. Na kama yupo msichana aliyewahi kubaki karibu na nyumbani kwa ajili ya wadogo zake, ningependa sana kusikia kutoka kwake: ulitamani baba yako akwambie nini?

Baba wa wawili, Mafinga