Fremu ya nyumba ya maafa ibaki kwa mwathirika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie nyumba nyepesi za kuunganisha, zile zinazotengenezwa kiwandani vipande vipande na kufungwa kwa bolti pale zinapohitajika. Kila tunapopatwa na maafa, mjadala wetu huishia kwenye mahema, mablanketi na unga, na suala la makazi huachwa hadi waandishi wa habari wamekwisha kuondoka.

Sisi wa Bukoba tuliopitia tetemeko la Septemba 10, 2016 tunajua hatari ya ukuta mzito usio na nguzo wala lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya milango na madirisha: bati likikuangukia hujeruhi, ukuta wa tofali hufukia. Kisha Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang likaifunika Katesh na vijiji jirani, na walionusurika wakahifadhiwa kwenye majengo ya shule. Serikali inastahili pongezi kwa nyumba za kudumu zaidi ya 100 zilizojengwa Waret, lakini zilikabidhiwa takriban mwaka mmoja baadaye. Kwa mkandarasi huo ni muda mfupi. Kwa mama mwenye watoto, aliyejibanza kwa shemeji, ni mrefu mno.

Pengo hilo ndilo ninalotaka lizibwe, na si kwa kununua tu chochote chepesi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limeshatumia kibanda cha fremu ya chuma na kuta za plastiki ngumu, chenye mita za mraba 17.5 na taa ya sola, ambacho watu wanne hukisimamisha kwa saa chache. Ni bora kuliko hema kwa sababu kina mlango unaofungwa na mtu anaweza kusimama wima ndani. Hata hivyo, mwaka 2015 jiji la Zurich lilikataa kuvitumia kwa hofu ya moto, na sisi tunaopikia mkaa na kuni hatuna sababu ya kulipuuza hilo.

Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1944, ilijenga nyumba zaidi ya 150,000 za namna hii kwa watu waliopoteza makazi vitani, nyingine zikitoka kwenye viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege. Zilikusudiwa kudumu miaka 10 tu, lakini baadhi zilikaliwa kwa zaidi ya nusu karne. Kinachoitwa cha muda kina tabia ya kukaa, kwa hiyo ni busara kukisanifu tangu mwanzo tukijua kwamba kitakaa.

Pendekezo langu ni kwamba Ofisi ya Waziri Mkuu, kupitia idara yake ya maafa, iweke kwenye maghala fremu za chuma chepesi zinazofungwa juu ya msingi wa zege, zikiwa na kenchi za kubeba paa na mabati kamili, huku kuta za awali zikiwa paneli au hata turubai. Mwathirika aingie wiki hiyo hiyo, kisha ajaze kuta kidogo kidogo kwa tofali nyepesi zilizofungwa kwenye nguzo, bila kubomoa paa wala kuhamishwa tena. Masharti ya zabuni yataje bomba, bolti na mabati ya vipimo vinavyopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, maana nyumba ambayo skrubu yake inaagizwa ng'ambo itaanza kuchakaa siku skrubu ya kwanza ikipotea. Dari nalo lisiachwe kwa kisingizio cha kubana matumizi; mwenye shaka akae chini ya bati tupu saa nane mchana, mwezi wa pili, ndipo aseme.

Zaidi ya yote, paneli zenye povu katikati ya mabati mawili zisinunuliwe kwa kutazama picha za muuzaji. Nyumba moja ya mfano ijengwe uwanjani, kisha iwashwe moto mbele ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla mkataba haujasainiwa.

Fundi mstaafu,
Bukoba